Gari Linalosikia

Nyumbani, tarehe 14 Januari

Kasuku wangu,

Pokea salamu zangu, na ukishazipokea kaa chini kwanza, usisome umesimama kama ulivyozoea. Mimi mzima. Miguu inauma asubuhi tu, ikifika saa nne inasahau. Mama yako mdogo naye mzima, ila amegombana na mwenye duka, sasa sabuni inabidi nikanunue mimi. Kuku wawili wameatamia kwenye kikapu kimoja, hakuna anayetaka kumpisha mwenzake, nimewaacha wapatane wenyewe. Mchumba wako hajambo? Mwambie nguo yangu ya harusi yenu iko kwa fundi, amenipima mara mbili maana mara ya kwanza nilikuwa nimevaa sweta.

Masikio ni yale yale. Mama yako mdogo akiniita naona mdomo unacheza tu. Kwa hiyo usinitumie ujumbe kwenye simu yake, anausoma yeye kwanza, anacheka, halafu ananipa umeshapoa. Barua ni yangu mwenyewe.

Sasa tuje kwenye hilo gari. Umeniandikia kwamba umepata gari la mtumba, la milango miwili, ambalo mwenyewe kalibadilisha karibu kila kitu, na unafikiria kulinunua. Sijasema hapana. Wewe ni fundi rangi, siku nzima uko na magari ya watu, siwezi kushangaa ukitaka la kwako. Lakini nimesoma barua yako mara nne na mara zote nimekwama mahali pamoja. Umeandika, Mama, gari hili linasikia sana.

Linasikia nini?

Nimemuuliza mama yako mdogo, akasema hayo ni maneno ya gereji. Yeye gereji anaijulia wapi, mtu ambaye hata teksi anapanda kwa mlango wa dereva. Nilipofika kwenye neno hilo niliinuka nikafunga mlango, na ilikuwa asubuhi, jua linawaka. Sijui kwa nini nilifanya hivyo.

Muulize mwenye gari kwa nini anauza. Muulize nani amewahi kulikalia. Kisha uniandikie kila kitu, usinifiche.

Ni mimi mama yako.


Gereji, tarehe 9 Februari

Shikamoo Mama,

Barua yako nimeisoma nimekaa juu ya dumu la rangi, kwa hiyo nimekutii. Mimi mzima kabisa. Kazi ipo, wiki hii nimepiga rangi basi zima la shule, nimebaki na njano kwenye nyusi. Mchumba hajambo, anakusalimu.

Mama, kusikia ni lugha yetu tu. Ukikanyaga mafuta kidogo na gari likaitika papo hapo, tunasema linasikia. Yapo mengine unakanyaga leo yanaondoka kesho, hayo tunayaita viziwi. Samahani, sikukusudia wewe.

Hili si gari la kawaida. Ni la zamani, boneti ndefu kama kitanda, na katikati ya boneti wametoboa tundu ili injini ipumue, maana iliyomo si yake. Wameweka injini kubwa ya silinda nane, na gia wametoa kwenye gari lingine. Matairi ya nyuma ni mapana kuliko ya mbele, wamepanua mabati wakachomelea upya. Bomba za moshi zinatokea ubavuni. Kiti cha nyuma hakuna, kuna mabomba ya chuma tu. Honi wametoa. Redio wametoa. Nilikwangua rangi kidogo kwa msasa chini ya mlango nikakuta nyeusi, chini yake nyeusi, chini yake nyeusi tena. Tabaka saba za rangi moja. Sijawahi kuona mtu anapaka nyeusi juu ya nyeusi.

Mwenyewe ni mzee mmoja fundi saa. Hapa tunamwita Kikaratasi, kwa sababu haongei, anaandika kwenye vikaratasi anakupa. Nilimuuliza kwa nini anauza, akaandika: Sina tena wa kumwambia. Hakuna aliyemwelewa. Halafu akaandika masharti. Nikae na gari mpaka mwisho wa Juni nikilijaribu. Nikiwa nalijaribu, naweza kulirudisha siku yoyote. Nikishalinunua, halirudi. Na mwisho kabisa: Usiongee peke yako ndani.

Bomba, mwenzangu anayetengeneza bomba za moshi, alisoma hilo akaniambia basi nimwombe mzee aniuzie baiskeli, maana kunyamaza mimi siwezi.

Kuna geji sita kwenye dashibodi. Tano nazijua, ya mafuta, ya joto na nyinginezo. Ya sita haina maandishi, ina mshale tu. Nitaifuatilia.

Nalipenda, Mama. Siwezi kukuficha.

Binti yako, Kasuku.


Nyumbani, tarehe 2 Machi

Kasuku wangu,

Hapa tunaendelea. Wale kuku wameangua, vifaranga kumi na moja, na sasa wanagombania watoto. Mama yako mdogo amepatana na mwenye duka, bila shaka alikuwa ameishiwa sukari. Nguo yangu imerudi, inanibana kwapani lakini nikisimama wima haionekani. Umesema mchumba hajambo, umeandika kwa mstari mmoja. Zamani ulikuwa unamwandikia ukurasa mzima.

Barua yako ilikaa njiani siku kumi na saba. Umenieleza kusikia nikaelewa, halafu hapohapo umeandika linaitika. Hapo ndipo umenitisha zaidi. Anayeitika ni aliyeitwa, mwanangu. Nani analiita? Na mzee wa watu kwa nini haongei, amezaliwa hivyo au ilimjia ukubwani? Hilo hukuuliza.

Nitakuambia jambo, usimwambie mama yako mdogo. Jumapili iliyopita, tarehe 25, saa saba mchana, nilikuwa naanika nguo. Nikasikia gari. Malori huwa nayahisi kwa nyayo, hilo nalijua. Hili nilisikia, kwa masikio haya yaliyokufa. Ngurumo nene, ya chini, kama mtu mkubwa anayesafisha koo. Likaja mpaka kwenye geti likasimama pale likinguruma. Nikaenda na shuka mkononi.

Barabara tupu. Vumbi halijainuka. Kuku wamelala katikati ya njia, hata mmoja hakuinua kichwa. Na ngurumo iko mbele yangu, karibu kiasi cha kunyoosha mkono nikaigusa. Ikakaa kidogo, ikakata. Nikabaki na kimya changu. Nilisimama pale mpaka shuka likakauka mkononi.

Pengine ni uzee. Lirudishe hilo gari, Kasuku. Sina sababu ya kukupa, nakuomba tu.

Mama yako.


Gereji, tarehe 4 Machi

Shikamoo Mama,

Naandika kabla barua yako haijafika, nimeshindwa kusubiri. Jumapili ya tarehe 25 nililitoa gari kwa mara ya kwanza. Kule nyuma ya maghala kuna barabara ndefu iliyonyooka, na Jumapili hakuna lori hata moja. Saa saba mchana nikalikanyaga. Mama, mgongo unagandamizwa kwenye kiti kama mtu amekukumbatia kwa nyuma. Najua mzee alinikataza, lakini unanijua. Nikajikuta nasema, Mama angekuwepo hapa angeshika mlango kwa mikono miwili.

Mshale wa ile geji ya sita ukapanda mpaka katikati. Niliponyamaza ukashuka.

Jumatatu Bomba akafungua dashibodi. Nyuma ya geji hakuna waya. Hakuna kitu chochote, imefungwa kwa skrubu mbili kwenye bati, basi. Bomba hakufanya mzaha dakika nzima, halafu akaniambia nimnunulie chai.

Koo limenikauka tangu jana, ni hii rangi, nilisahau kuvaa maski. Usiwe na wasiwasi. Mchumba hajambo, yuko na shughuli nyingi.

Kasuku.


Nyumbani, tarehe 28 Machi

Kasuku wangu,

Barua zetu zimepishana njiani. Yako nimeitandaza kitandani, nikaifuata tarehe kwa kidole. Jumapili ile ile. Saa ile ile. Nilikaa chini.

Salamu za nyumbani nitazifupisha leo. Wote wazima, vifaranga wamebaki tisa.

Limekuja mara tatu tena, siku zote mchana. Mara mbili lilinguruma tu likaondoka. Ijumaa nilikuwa nasugua sufuria, likaja, na ndani ya ngurumo kukawa na sauti yako. Miaka sita sijaisikia. Imekuwa nzito kidogo, unafanana na shangazi zako sasa. Ulisema hivi, nakuandikia kama nilivyosikia.

“Mama, kaondoka tangu Desemba. Sijui nitakuandikiaje. Vyombo vyetu nimevifunga kwenye boksi la rangi, nimeviweka juu ya kabati, na kila asubuhi naviangalia.”

Sikukasirika, mwanangu. Nilikaa na ile sufuria nikalia, kwa ajili yako na kwa ajili ya kukusikia, sikujua ni kipi kinanitoa machozi zaidi. Nguo nimemrudishia fundi anipanulie kwapani, nitaivaa siku za kawaida. Huyo bwana asinisalimie tena, na wewe usinitungie salamu zake.

Sasa nitasema jambo utashangaa. Niliyoyaandika mwanzoni niliyaandika kwa woga. Kama moyo wako unalipenda, linunue.

Mama yako.


Gereji, tarehe 18 Aprili

Shikamoo Mama,

Mimi mzima. Sijui niendelee vipi baada ya hapo.

Hilo la boksi sijamwambia mtu. Bomba hajui, mwenye nyumba hajui. Nililisema ndani ya gari, Ijumaa, nimeegesha, peke yangu, vioo vimefungwa. Nilipoisoma barua yako niliacha kazi hapohapo.

Nilienda kwa Kikaratasi kibandani kwake. Alikuwa amefungua saa ya mtu, hakuinua macho. Nikamuuliza lile gari linafanya nini. Akaandika: Linasikia. Ndiyo maana nilikukataza kuongea. Nikamuuliza kisha? Akaandika: Kisha linapeleka. Nikamuuliza kwa nani. Kwa unayemtaja.

Mama, yule mzee alikuwa na mke aliyelazwa hospitali ya mbali, miaka miwili. Hela ya mafuta ya kufika huko hakuwa nayo. Kila jioni akitoka kazini alikaa kwenye kiti kile akamweleza siku yake. Wauguzi walimwandikia kwamba mgonjwa anageukia ukuta anacheka peke yake. Akaniandikia: Alinisikia mpaka siku ya mwisho.

Kulikuwa na kikaratasi kimoja zaidi, hakina maana.

Nimelifunika gari kwa turubai. Sidhani kama nitalinunua. Hata kulipita nalipita mbali. Wewe ndiye uliyekuwa unaniambia nilirudishe, sasa unaniambia ninunue, na mimi sasa ndiye ninayeogopa. Tumebadilishana mioyo, Mama.

Kasuku.


Nyumbani, tarehe 12 Mei

Kasuku wangu,

Tumshukuru Mungu tu wazima. Mama yako mdogo amepata miwani, anaona kila kosa langu.

Ulipolifunika, nilijua. Wiki tatu hakuna kitu. Sitakuficha, nilikuwa natoka kila siku saa saba nakaa getini na kigoda. Majirani wanadhani nasubiri muuza mkaa. Sikuona haya. Mtu aliyefungiwa miaka sita akifunguliwa dirisha, hawezi kukaa mbali nalo.

Na nikuambie jingine. Baada ya lile la boksi nilianza kusikia vitu vidogo. Kifuniko cha birika kinacheza. Mama yako mdogo anakoroma, kumbe anakoroma, miaka yote alikuwa anakataa.

Halafu tarehe 6 mwezi huu likaja. Kumbe umelifunua. Ulisema kuhusu mashine ya kusaga. Ulisema, ulikaa kwenye mashine ile ili mimi nisome, wewe ukatoka masikio yameziba na mimi nikatoka na cheti. Nilisikia kila neno. Lakini Kasuku, ulikuwa unanong'ona. Na siku ile ile mimi nilisikia mvua kwenye bati mpaka nikaziba masikio.

Jana mama yako mdogo alikupigia simu. Aliniambia, akiandika kwenye vumbi kwa kidole ili nielewe sawasawa: Anaongea kama msasa.

Mara ya kwanza ulisema ni rangi. Rangi unapiga mwaka wa saba huu na hukuwahi kukauka koo. Basi niambie. Kile kikaratasi kisicho na maana kiliandikwa nini?

Mama yako.


Gereji, tarehe 30 Mei

Shikamoo Mama,

Kiliandikwa: Linachopeleka linakitoa kwako.

Mzee hakuzaliwa hivyo. Alikuwa mtu wa maneno, wanaomkumbuka wanasema alikuwa hawezi kufunga saa bila kukupa hadithi. Miaka miwili ilimmaliza.

Nilijua tangu Aprili, na nikalifunua nikijua. Usinigombeze kwanza, nisikilize. Kupiga rangi hakuhitaji sauti. Navaa maski kutwa, nani ananisikia? Mchumba niliyekuwa naongea naye kaondoka. Hapa ninayeongea naye ni Bomba, na yeye haachi nafasi. Lakini wewe unasikia mvua, Mama. Unasikia kifuniko cha birika. Ukinisikia mwaka mmoja zaidi, si utasikia kila kitu?

Masikio yako yalikwenda kwa ajili yangu. Niache nikurudishie kwa njia ninayoweza.

Nimemwambia Kikaratasi nitalinunua. Alikataa kuniangalia. Aliandika tu: Mpaka mwisho wa Juni unaweza kugeuka.

Sigeuki.

Kasuku.


Nyumbani, tarehe 14 Juni

Kasuku,

Barua hii haipiti posta. Nitampa dereva wa basi mkononi, nimeshamwambia akikosa kukukabidhi asirudi kwa njia hii. Amenijibu kitu, sikukisikia sawasawa, nadhani ni vizuri.

Salamu utazichukua siku nyingine.

Kuna jambo sijawahi kukuambia, kwa sababu lilinipendeza uamini vile ulivyoamini. Ile mashine niliipenda. Ada yako ningeipata hata kwa kufua nguo za watu, mama yako mdogo alinitafutia nyumba tatu, nikakataa. Kule mashineni watu walinisubiri mimi. Mwenye mashine mwenyewe alikuwa haigusi mpaka nifike. Ukanda ukilegea mimi ndiye niliyejua, kwa mlio, kabla haujakatika. Alininunulia pamba za kuziba masikio. Nilizitumia kushonea mto. Alinisema, daktari aliyepita akanisema, mama yako mdogo akanisema. Nilitaka kuisikia, Kasuku. Nilijua inanila nikaiacha inile, kwa sababu wakati ule nilikuwa mtu.

Hukuniziba wewe. Nilijiziba mwenyewe nikiwa na furaha yangu. Ulipoanza kuniangalia kwa yale macho ya huruma na kuleta cheti chako kama vile ni cha kwangu, nilinyamaza. Nilifurahia kuhurumiwa. Hilo ndilo kosa langu, na limekufikisha kwenye kiti kile.

Kwa hiyo huna cha kunirudishia. Rudisha gari.

Nimekusikia mara tano, na zile za baada ya barua yangu ya Mei nikizihesabu. Mtu ambaye alikuwa hategemei hata moja. Zinanitosha, na kama hazinitoshi ni juu yangu. Leo saa saba nimeweka pamba masikioni nikaingia ndani. Kiziwi anaziba masikio. Mama yako mdogo amecheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi sikucheka, maana nje nililihisi limesimama.

Usiseme neno tena ndani yake. Hata kwaheri usiseme.

Mama yako.


Gereji, tarehe 3 Julai

Shikamoo Mama,

Dereva wa basi alinipata. Alisimama mlangoni mpaka nimalize kusoma, ndipo akaondoka.

Nilikasirika siku mbili. Miaka yote nimekubeba mgongoni, kumbe ulikuwa unatembea mwenyewe. Siku ya tatu nikacheka, lakini hakuna kilichotoka, ni mabega tu yalitikisika. Bomba alidhani nimepaliwa akanipiga mgongo.

Tarehe 29 nililirudisha. Nilimwandikia Kikaratasi kwenye karatasi yangu kwamba sinunui. Akaisoma, akaikunja, akaiweka mfukoni badala ya kuitupa. Akaandika: Umewahi. Kisha akafikiri, akaongeza: Kidogo.

Sauti haijarudi. Daktari ameniangalia kwa tochi akasema koo ni zima kabisa, hana anachokiona. Nikijilazimisha unatoka upepo. Kwa wateja Bomba ndiye anayenisemea, na juzi amenipokelea kazi ya kupaka gari la mtu rangi ya waridi.

Mzee amelifungia kwenye banda lake, ametoa betri na matairi manne. Nimeona kwa macho yangu, liko juu ya matofali.

Nimeomba likizo. Nitafika tarehe 10 Agosti, kwa basi la yule dereva.

Kasuku.


Nyumbani, tarehe 22 Julai

Kasuku wangu,

Pokea salamu zangu, na za mama yako mdogo ambaye amekwishaanza kukutandikia kitanda kana kwamba unafika kesho. Vifaranga wamebaki saba na wamekuwa jeuri. Mimi mzima. Mvua siisikii tena, kifuniko cha birika sikisikii, na mama yako mdogo ameanza tena kusema yeye hakoromi.

Umeniambia liko juu ya matofali, halina betri. Nakuamini. Lakini jana saa saba mchana limekuja, na safari hii nimeliona.

Nilikuwa dirishani nachambua mchele. Jeusi, refu, lile tundu kwenye boneti linapumua kama ulivyosema. Kuku wamelala mbele yake. Kiti cha dereva hakina mtu. Likaanza kuongea, kwa sauti yako yote, ile iliyokutoka, nzima, haina hata mkwaruzo. Likasema, “Mama, nimechoka, safari ilikuwa ndefu. Toka basi unipokee.” Mlango wake ukafunguka, polepole, upande wa abiria.

Sitakudanganya. Mkono wangu ulifika kwenye komeo. Likasema nipande tuzunguke, litanieleza kila kitu ambacho hukuwahi kuniandikia. Lilijua nitakachokipenda. Likacheka kicheko chako cha zamani, cha kabla hujahama.

Nikasema kwa sauti, sijui ilitoka kubwa au ndogo, mimi sijisikii. Nikasema, “Mwanangu yuko huko anafunga mizigo, hana sauti. Huyo asiye na sauti ndiye wangu. Wewe nenda.”

Lilikaa muda mrefu. Liliniita mara tatu, kila mara kwa umri mdogo zaidi, ya mwisho ulikuwa mtoto wa kunyonya. Nilishika ukingo wa dirisha nikahesabu punje za mchele. Nilipoinua macho kuku walikuwa wamelala palepale na barabara ilikuwa tupu.

Nilikaa nikalia, kisha nikapika.

Nimenunua daftari kubwa na kalamu mbili. Tutakaa meza moja, wewe uandike, mimi nisome, nikujibu kwa mdomo au kwa kalamu ikinijia hamu. Uandike polepole, mimi niliishia darasa la nne. Ukiwa na la kunigombeza, tumia herufi kubwa, nafasi ipo.

Na siku ya tarehe 10, ukifika, usijaribu kuita. Atakayeita kwa sauti yako sitamfungulia, hata alie. Pita mlango wa nyuma, uingie kimya, unishike bega.

Mama yako.